“Aliniambia panauma, nikamwambia avumilie”

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mzee mwembamba mwenye ndevu za mvi anatembea pekupeku katikati ya uwanja wa mpira, taratibu, kama mtu aliyedondosha sindano. Mkononi ana ndoo ya mchanga. Kila baada ya hatua chache anasimama, anabonyeza ardhi kwa kisigino, kisha anasonga mbele.

Karibu na kibendera cha kona, kisigino kinazama. Anachuchumaa na kuzitenga nyasi. Chini yake kuna shimo la ukubwa wa kikombe. Analijaza mchanga, anaushindilia kwa ngumi, anaukanyaga, kisha anaongeza mwingine.

“Hapa palikuwa na kifundo cha mtu,” anasema, akijifuta mikono kwenye suruali. “Kingeteguka leo, watu wangesema ni bahati mbaya. Bahati mbaya nyingi ninazozijua mimi zina shimo chini yake.”

Wachezaji wanamwita Fundi Miguu. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na huu ni mwaka wa tisa tangu aanze kuhudumia majeruhi wa klabu hii ya daraja la pili. Posho anayolipwa ni theluthi tu ya ujira aliokuwa akiupata zamani kiwandani. Mkewe husema kwa utani kwamba mumewe ndiye mtu pekee anayemjua aliyepandishwa cheo kwenda chini.

Chumba chake cha kazi ni stoo iliyo chini ya jukwaa la watazamaji. Ndani kuna kitanda cha mbao alichokipigilia mwenyewe na kukivika leksini nyeusi, kasha la barafu, mto mmoja uliochakaa, na vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyoning'inia ukutani kwa urefu tofauti. Vipande hivyo hutumika kuimarishia nyonga na mabega. Mto ni wa kusimamia kwa mguu mmoja.

“Aliyewahi kuteguka kifundo atateguka tena, ndiyo kawaida,” anaeleza. “Kifundo kinakuwa kimesahau kusimama. Basi unakifundisha upya. Simama juu ya mto kwa mguu mmoja, dakika moja, halafu fumba macho. Watu wazima wanaanguka hapa kama watoto wanaojifunza kutembea.”

Saa moja kamili wachezaji wanaanza kufika. Wa kwanza ni beki wa kushoto, kijana mwenye mbio kali ambaye wenzake, kwa kumkejeli, wamempa jina la Kobe. Wiki nne zilizopita alichanika msuli wa nyuma ya paja. Leo anataka kucheza.

“Fundi, niko sawa. Kawaida tu.”

“Sikukuuliza kama uko sawa. Panauma wapi?”

Kobe anapapasa nyuma ya paja kwa kiganja kizima.

“Panauma wakati gani?”

“Nikikimbia sana. Kidogo.”

“Na ulianza kunificha lini?”

Kobe anacheka, anatazama pembeni, kisha anakiri: tangu juzi. Fundi anafungua daftari lenye jalada gumu, anaandika neno kwa neno alichoambiwa, halafu anampigisha magoti juu ya gunia lililokunjwa. Anamshika vifundo vyote viwili. Kobe anaanza kuinamia mbele polepole, mgongo umenyooka, akijizuia kwa nguvu ya mapaja hadi mikono inapogusa ardhi. Mara tano. Kwa mara ya sita anatetemeka.

“Hapo hapo,” Fundi anasema. “Wiki ijayo zitakuwa nane. Ukifika kumi bila kutetemeka tutazungumza habari za mechi.”

“Fundi, wewe una roho ngumu.”

“Nilikuwa nayo,” anajibu, na kufunga daftari.

Maswali yake ni hayo matatu, kila siku, kwa kila mtu. Mchezaji anayeonyesha maumivu kwa kiganja kizima, anasema, mara nyingi ana msuli uliochoka au uliovutika. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, tena juu ya mfupa, huyo hatoki chumbani mpaka apelekwe kupigwa picha. Si kila picha huonyesha kitu. Lakini kidole kimoja juu ya mfupa si jambo la kupuuzwa.

Hakufundishwa hivyo na kitabu. Alifundishwa na binti yake, naye akachelewa kuelewa somo.

Miaka kumi na mitatu iliyopita Fundi hakuwa fundi wa miguu ya mtu. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo. Jioni, na siku za mapumziko, alikuwa mwalimu wa kujitolea wa riadha kwa vijana wa mtaani kwake. Ujanani alikimbia yeye mwenyewe, akafika mbali kiasi, kisha akaishia hapo ambapo wengi huishia. Aliamini alishindwa kwa sababu moja tu: aliusikiliza mwili wake mno.

“Nilijiambia kwamba mwili ni mvivu,” anakumbuka. “Ukiupa nafasi ya kulalamika, hautaacha. Nikaapa kwamba nitakayemfundisha mimi hatafanya kosa hilo.”

Aliyemfundisha kuliko wote alikuwa kifungua mimba wake. Mtaa mzima ulimwita Kishada, kwa wembamba wake na namna alivyokuwa akipaa akishika kasi. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akishinda mbio za mita elfu moja na mia tano dhidi ya wasichana waliomzidi miaka mitatu. Shule moja ya bweni yenye jina katika michezo ilikuwa imetuma watu kumwangalia. Walisema watarudi kwenye fainali za mkoa, na kwamba akimaliza miongoni mwa wawili wa mwanzo, atapewa nafasi ya kusoma bure hadi amalize.

Baba yake akaongeza mazoezi. Kutoka siku nne kwa wiki yakawa sita. Kutoka njia ya vumbi wakahamia barabara ya lami, kwa kuwa uwanja wa fainali ulikuwa mgumu. Yote hayo katika muda wa wiki mbili.

“Leo mchezaji akiniambia amefanya hivyo, nampokonya viatu,” anasema. “Mwili unazoea mzigo kidogo kidogo. Mfupa unajijenga ukipumzika, si ukigongwa. Lakini nani angeniambia? Nilikuwa mimi ndiye mwalimu.”

Wiki ya tatu, wakirudi nyumbani kutoka mazoezini, Kishada alisimama njiani na kuinama. Akaweka kidole kwenye ugoko wa mguu wa kulia, sehemu ya chini kidogo ya katikati.

“Baba, hapa panauma.”

“Panauma vipi?”

“Kama pana msumari. Hapa tu, si kwingine.”

“Ni kawaida. Misuli inakua. Mvumilivu hula mbivu, mama.”

Usiku huo alimkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta, akikandamiza palepale palipouma kwa dole gumba. Binti aliuma kona ya kanga ya mama yake ili asipige kelele. Baba akamsifu kwa ujasiri wake.

Mwanzoni maumivu yalikuja baada ya kukimbia na kuisha kabla ya chakula. Kisha yakaanza kuja katikati ya mbio. Baadaye yakawa yanamkuta akipanda ngazi za shule. Mama yake, fundi cherehani ambaye hajawahi kukimbia mbio yoyote, ndiye aliyeona.

“Nilimwambia, baba Kishada, mtoto anachechemea akitoka bafuni,” anasimulia mama huyo, akiwa ameketi nyuma ya cherehani yake kwenye baraza ya nyumba yao. “Halafu hali chakula vizuri. Anasema akiwa mwepesi atakimbia zaidi. Mpumzishe hata wiki mbili. Akaniambia, wewe shughulika na vitambaa vyako, mimi nishughulike na uwanja.”

Anakata uzi kwa meno.

“Hajanijibu vibaya hivyo kabla wala baadaye. Lile neno limekaa humu ndani kama fenicha. Tumeshalizoea, tunalipita pembeni.”

Mwishowe Kishada aliacha kulalamika. Baba yake alipomuuliza mguu unaendeleaje, alijibu, “Kawaida, baba.” Naye akafurahi. Alidhani amemfundisha uvumilivu. Hakujua kwamba amemfundisha kunyamaza.

Fainali ilifanyika Jumamosi, jua likiwa kali. Fundi anakumbuka kwamba binti yake hakupasha mwili joto kama wenzake. Alijinyoosha akiwa ameketi tu, akiuhurumia mguu. Hilo nalo aliliona na akalipa jina lingine. Alisema mtoto ametulia.

Mizunguko miwili ya kwanza Kishada alikaa nyuma ya kiongozi. Katika wa tatu akatoka nje ya kona na kumpita. Uwanja ukainuka. Wale watu wa shule ya bweni walikuwa wamesimama pia, mmoja wao ameshika kalamu.

Ndipo alipoyumba. Baba yake alikuwa kando ya njia, hatua kumi hivi kutoka pale. Alisikia mlio mkavu, lakini hakuuelewa. Alichoona ni mwanawe akipunguza kasi huku akiongoza.

Akampigia kelele: “Usisimame. Twende, usisimame.”

“Akaenda,” Fundi anasema. Sauti yake haibadiliki, ila mikono imeacha kufanya ilichokuwa ikifanya. “Mfupa ulikuwa umeshakatika, na akapiga hatua nne zaidi. Hatua moja ni ya mbio alizokuwa nazo mwilini. Hizo tatu ni zangu. Alizipiga kwa sababu ya sauti yangu.”

Hospitalini, daktari wa mifupa alikuwa mtu mpole asiye na haraka. Aliinua picha kwenye taa na kuwaonyesha palipokatika, kisha akawaonyesha ukingo wa mfupa ulivyonenepa mahali pale, kama kovu. Mfupa haukuanza kuvunjika leo, aliwaeleza. Ulikuwa na ufa. Ulijaribu kujiziba wenyewe, ukapasuliwa tena, ukajaribu tena.

“Alianza kulalamika lini?” daktari akauliza.

“Jana,” Fundi akajibu.

Anaposimulia sehemu hii huwa anageuza uso. Binti yake alikuwa amelala kwenye machela, umbali wa mkono. Alisikia. Aligeuza macho akamtazama baba yake. Ni mama yake aliyesema, kwa sauti ya chini, “Si jana, daktari. Ni wiki sita.”

“Kuvunjika kwa mguu naweza kusema sikujua,” anasema Fundi. “Elimu yangu ilikuwa ndogo. Lakini lile neno ‘jana’ nililijua. Nilikuwa najiokoa mimi, na mtoto amelala pale.”

Kishada alifanyiwa upasuaji mara mbili. Usaha uliingia kwenye kidonda baada ya ule wa kwanza, wakalazimika kuufungua mguu upya. Alitembelea magongo kwa miezi minane. Mfupa uliunga, lakini mguu wa kulia umebaki mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili, na asubuhi za baridi hauinuki bila kubembelezwa. Shule ya bweni ilituma barua ya pole. Nafasi akapewa msichana aliyekuwa akiongoza kabla ya Kishada kumpita.

Kwa miaka miwili Fundi hakukanyaga uwanja wa riadha. Vijana aliokuwa akiwafundisha walikuja kugonga mlango mara mbili tatu, kisha wakaacha.

Kilichomrudisha ni safari za hospitali. Mara tatu kwa wiki alimpeleka binti yake kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ukali. Fundi alikuwa akikaa kwenye benchi la ukutani na kutazama. Alitazama jinsi mama yule alivyoanza na vidole vya mguu kabla ya kifundo, kifundo kabla ya goti. Jinsi alivyomuuliza mgonjwa kabla ya kila kitu, “Hapa je?” na kusubiri jibu.

Siku moja mtaalamu akamgeukia. “Mzee, unakodoa macho hapo mwezi wa tatu sasa. Unataka kujifunza au unanipeleleza?”

“Nataka kujua nilikosea wapi.”

“Basi chukua ndoo ile ukalete barafu. Utajua ukiwa unafanya kazi.”

Alianza kwa kubeba barafu na kufuta vitanda. Siku za mapumziko yake ya kiwandani alikuwa pale. Kila alichojifunza kilikuwa kama shahidi aliyekuja kutoa ushahidi dhidi yake. Alijifunza kwamba jeraha jipya halikandwi kwa maji ya moto wala kuchuliwa siku za mwanzo, na akakumbuka dole gumba lake. Alijifunza kwamba barafu hufungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kwa robo saa, si zaidi, na mguu huinuliwa juu ya mto. Alijifunza kwamba msichana anayekua, anayekimbia sana na kula kidogo, mifupa yake hukosa cha kujijengea, na kwamba kuna maswali ambayo mama mtu angeyajibu kama angeulizwa.

“Mke wangu alikuwa na majibu yote,” anasema. “Fundi cherehani. Aliyajua kwa kumtazama mtoto tu.”

Baadaye alisoma kozi ya miezi tisa na kupata cheti. Klabu ilipotafuta mtu wa kuhudumia majeruhi, mtaalamu yule ndiye aliyempendekeza. Akaacha kiwanda. Sharti alilotoa lilikuwa moja: mchezaji aliyeumia asirudi uwanjani bila saini yake. Viongozi walikubali wakiwa wanacheka. Hawakudhani kwamba ipo siku litawauma.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa msimu uliopita.

Klabu ilihitaji ushindi katika mechi ya mwisho ili ipande daraja. Tegemeo lilikuwa winga mmoja anayeitwa Kijiko, kwa jinsi anavyouchota mpira na kuuvusha juu ya kichwa cha beki. Asubuhi ya mechi Kijiko aliingia chumba cha Fundi akikanyaga kwa upande wa ndani wa mguu.

“Panauma wapi?”

Kijiko akaonyesha ubavu wa nje wa unyayo. Kwa kidole kimoja.

Fundi akapabonyeza taratibu, na mguu ukaruka. Akamwambia aruke mara tatu kwa mguu ule. Aliruka mara moja tu, akashika ukuta.

Kocha alikuja mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake. “Fundi, nakuomba dakika arobaini na tano tu. Mfunge bendeji ngumu, mpulizie dawa, atoke mapumziko. Msimu mzima uko kwenye kalamu yako.”

“Siwezi, mwalimu.”

“Kijana mwenyewe anataka. Muulize.”

“Wote wanataka. Hata wangu alitaka.”

Kocha, ambaye anaijua habari ya Kishada kama kila mtu pale klabuni, akafungua mlango na kutoka. Kijiko alikaa benchi akiwa amevaa raba. Timu ikatoka sare ya bila kufungana na kubaki daraja la pili.

Jumatatu Fundi alimsindikiza winga hospitali kupigwa picha. Hapakuwa na ufa. Kano zilikuwa zimevutika na kuvimba, basi. Wakarudia kipimo baada ya wiki mbili ili kuhakikisha, mfupa ukaonekana mzima kama siku uliyoumbwa. Kwa maelezo ya daktari, Kijiko angeweza pengine kucheza kwa maumivu na asipate madhara makubwa.

Maneno yakasambaa kabla wao hawajafika nyumbani. Mtu aliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: “Daktari wa magonjwa yasiyokuwepo.” Mashabiki sokoni walimuuliza kama mguu wa kuku ule alioununua ameshausainia. Kocha alimsalimia kwa kichwa tu kwa mwezi mzima.

Aliyemuumiza zaidi ni Kijiko mwenyewe. Siku ile jukwaani palikuwa na wakala wa klabu kubwa aliyekuja kwa ajili yake, naye hajarudi tena. “Nilimwambia, Fundi, umeninyima mechi ya maisha yangu kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine,” anasema Kijiko, ambaye ana miaka ishirini na mitatu. “Nilikuwa na hasira. Bado ninayo kidogo, sitadanganya. Lakini ni yeye aliyenipa mazoezi mpaka nikapona, na sasa mguu nikiusikia nampelekea kabla hata sijala.”

Fundi hamlaumu. Alikwenda nyumbani kwa kina Kijiko, akaketi na wazazi wake, akaomba radhi.

“Nilimkosesha kitu ambacho sitaweza kumrudishia,” anasema. “Hilo ni kweli, nami nalibeba. Mtu akifanya kazi hii atakosea, tu. Kuna kukosea kwa kumzuia mzima na kuna kukosea kwa kumruhusu mgonjwa. Mimi kule kwingine nimeshafika. Sirudi.”

Habari ile ilimfikia Kishada kupitia kwa mama yake. Sasa ana miaka ishirini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji ulio mwendo wa saa tano kwa basi. Ana mume na mtoto wa kike wa miaka minne. Hupigia wazazi simu kila Jumapili. Huzungumza na mama yake nusu saa, na baba yake dakika mbili: hujambo, sijambo, mvua zinanyesha, mjukuu amekua.

“Hajawahi kunitukana,” Fundi anasema. “Ningemwelewa. Ananiheshimu sana, na hiyo heshima ni ukuta.”

Jumapili ile, baada ya salamu, Kishada hakukata simu.

“Baba, nimesikia umemzuia mtu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hakuwa ameumia.”

“Hakuwa. Kidogo tu.”

“Na timu ikakosa kupanda.”

“Ikakosa.”

Fundi akasikia pumzi ya mwanawe, kisha neno moja: “Haya.” Akakata.

Alipopigiwa simu na mwandishi wa habari hizi, Kishada alizungumza bila uchungu, akitafuta maneno kama mwalimu anayetaka darasa limwelewe.

“Watu wanadhani namkasirikia baba kwa sababu ya mbio. Mbio zingeisha tu. Wale niliokuwa nikikimbia nao, wengi wao leo wanauza duka,” alisema. “Mimi ile ‘jana’ ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu, na nikasikia kwamba sikuwahi kusema. Mpaka leo nikiwa na homa, mume wangu anaigundua yeye. Mimi simwambii mtu.”

Alisema siku ya michezo shuleni kwake huwa anaomba abaki ofisini kupanga madaftari. Aliwahi kwenda mara moja. Mtoto mmoja alianguka, mwalimu wa michezo akamwambia inuka, si kitu. Yeye akarudi ofisini na kujifungia.

Fundi alisomewa maneno hayo, kwa ruhusa ya binti yake, juma lililopita chumbani kwake. Alisikiliza akiwa anakunja bendeji. Alipofika mwisho wa bendeji aliikunjua na kuanza upya.

“Sikujua habari ya homa,” alisema hatimaye.

Mwezi ujao, shule zikifungwa, Fundi atafanya jambo ambalo amelipanga kwa miaka mitatu. Amewaalika walimu wa michezo wa shule zote za karibu, na thelathini na wanne wamekubali kuja. Mtaalamu aliyemfundisha, ambaye sasa amestaafu, atawaonyesha namna ya kuwapasha watoto joto kwa dakika ishirini kabla ya mchezo, namna ya kumbeba aliyevunjika, na dalili za kichwa kilichogongwa. Fundi atawafundisha yale maswali matatu.

Lakini anajua kwamba mwalimu wa michezo anayetaka kombe hazuiwi na maswali. Yeye asingezuiwa. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, simu ilipomfikia kwa zile dakika zake mbili, alimwomba Kishada aje kuwasimulia walimu hao.

“Niwasimulie nini, baba?” Kishada aliuliza.

“Vile ilivyokuwa.”

“Nikija nitasema yote. Na ya kwa daktari nitayasema.”

“Ndiyo ninayotaka wayasikie.”

“Nitawaambia mbele yako.”

“Niwekee kiti cha mbele, mama,” Fundi alimjibu. “Safari hii nataka nikusikie.”

Kishada alisema ataangalia ratiba yake. Jana mama yake alipokea ujumbe kwenye simu: amekata tiketi ya basi la asubuhi, anakuja na mtoto, na anaomba apangiwe chumba cha chini, kwa sababu ya ngazi. Fundi hakusubiri kuombwa mara ya pili. Ameshahamisha kitanda.